Gurudumu la Nyuma la Baiskeli ya Mama

Pale stendi ya Ngara, upande wanakopaki bodaboda, kuna fundi anayeziba pancha. Wiki chache baada ya kumzika baba nilikuwa nimesimama karibu naye, nikisubiri mzigo wa mbegu za duka langu uliokuwa unakuja na basi, naye akafungua kikopo cha gundi ya viraka. Harufu ile mnaijua. Ni kali, ina utamu kidogo ndani yake, na inapanda puani mpaka macho yanataka kutoa machozi. Miguu yangu ikaanza kuhangaika. Nilitembea mpaka mwisho wa stendi, nikarudi, nikaenda tena. Mama mmoja anayeuza ndizi akaniuliza kama nina haraka. Nikamwambia sina. Ni kweli sikuwa na pa kwenda, ila nilishindwa kusimama.

Kwa sisi tuliokulia kijiji cha Bisibo kabla kila nyumba haijawa na pikipiki, gundi hiyo ilikuwa harufu ya nyumbani, sawa na muhogo unaokaushwa au moshi wa jikoni. Kwetu kulikuwa na baiskeli mbili. Ya baba ilikuwa saizi ishirini na nane, nyeusi, ndefu, ya mizigo. Ya mama ilikuwa ishirini na sita, ya bluu, yenye bomba lililoinama ili mtu apande akiwa amevaa kitenge. Mama aliinunua kwa maharage yake mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuifuta matope isipokuwa mimi. Nilikuwa nimepasua mirija ya soda ya rangi rangi nikaivisha kwenye spoku za gurudumu la nyuma, basi mama akipita watoto wa jirani walijua ni mama yangu hata kabla hawajaona uso.

Halafu siku moja ya kiangazi akaja Mama mdogo Leokadia na nusu ya baiskeli.

Alikuwa mdogo wake mama wa mwisho. Kwao ni Ngara, ni Wahangaza, na kwa kuwa l na r huko huingiliana sana, nyumbani kwao walimwita Reo. Nilikuwa nimesikia habari zake tu. Alitoroka kwa babu akiwa msichana, akajiunga na kikundi cha sarakasi Mwanza. Sasa kikundi kilikuwa kimevunjika, na babu alikuwa ametuma ujumbe kwamba nyumbani kwake hana binti anayebinuka mbele za watu. Ndiyo maana alishukia kwa dada yake. Nilimwona anakuja kwenye njia ya mihogo, begi mgongoni, na mkononi ameshika gurudumu moja lenye kiti juu yake na pedali mbili. Hakuna usukani, hakuna cheni, hakuna gurudumu la pili.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona unaangalia nyuma yangu?"

"Naangalia nusu nyingine."

Nilidhani ameporwa njiani. Nilidhani pia, kwa kuwa nilikuwa nimesikia watu wazima wakizungumzia urithi wa shamba la jirani, kwamba labda baiskeli imegawanywa na nusu iko kwa mtu mwingine. Alicheka mpaka akaweka begi chini. Baba akatoka ndani, akamsalimu, akalizunguka lile gurudumu polepole, maana baba alifanya kila kitu polepole.

"Karibu, shemeji. Hiyo imepata ajali?"

"Nzima hivyo hivyo, shemeji."

"Nzima." Akalizunguka tena. "Na usukani?"

"Usukani ni kiuno."

Baba akakohoa, akaenda kuangalia mbuzi.

Tangu siku ile nyumba yetu haikutulia. Mama mdogo hakujua kukaa. Alikula amesimama, alichambua maharage huku anatembea, na ukimpa kigoda alikitumia kupandia. Asubuhi, mama akishatandaza muhogo kwenye mikeka uani, yeye alipanda gurudumu lake na kupita katikati ya mikeka ile, mikono hewani, anageuka, anasimama palepale akiyumba mbele na nyuma kama mtu anayefikiri. Hakuwahi kugusa hata kipande kimoja cha muhogo. Watoto wa jirani walijaa uani, na baadaye mama zao wakaanza kuja kuazima chumvi ambayo hawakuwa wanaihitaji.

Alinifundisha mimi. Nilishika ukuta wa jiko kwa mkono mmoja na bega lake kwa mkono mwingine, nikaanguka, nikapanda, nikaanguka. Baiskeli ya kawaida ukiacha kupiga pedali inaserereka yenyewe. Ile haiserereki. Miguu ikisimama, gurudumu linasimama. Miguu ikirudi nyuma, nalo linarudi nyuma. Ilikuwa kama kupanda kitu chenye roho.

"Hili ni ishirini," alinieleza. "La jukwaani. Gurudumu dogo linakusikiliza upesi. Ukifikiria kushoto, limeshafika kushoto. Kwa kujifunza, kwa kucheza, kwa kuzunguka juu ya mkeka, huwezi kupata zuri kama hili."

"Na kwenda sokoni?"

"Ukienda nalo sokoni utakuta watu wameshafunga vibanda."

Mama alikuwa akitutazama, ufagio mkononi. Nilidhani ana furaha, na labda alikuwa nayo. Lakini nakumbuka mambo mengine ambayo wakati ule niliyasoma vibaya. Alianza kuacha kazi katikati. Ungekuta kinu kina mahindi nusu na mwenyewe yuko barabarani, amesimama tu, anaangalia magari ya mizigo yanavyopita na vumbi lake. Kila asubuhi alichukua pampu, akajaza upepo baiskeli yake, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akarudisha pampu mahali pake. Kisha hakwenda popote. Nilidhani tyubu inavuja. Nikatafuta tundu kwa kuizamisha kwenye beseni la maji, nikakosa kabisa.

Habari ilifika kwa simu ya mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuwa na simu pekee mtaa wetu. Mtu aliyemfahamu Mama mdogo alimwambia kuna kikundi kingine kinatoka Kahama na gari lao, kinapita Nyakanazi kwenda Ngara. Kinamtafuta mtu wa kuongoza maandamano. Huingia mjini kwa ngoma, watu wanafuata nyuma, na mbele kabisa anatangulia mmoja aliye juu ya gurudumu. Aliyekuwa akitangulia alikuwa ameolewa na kuacha. Anayetaka nafasi hiyo aje Nyakanazi Jumamosi, apande kutoka kituo cha mafuta mpaka njia panda na kurudi, bila kukanyaga chini.

Mama mdogo alirudi kutoka dukani anakimbia. Siku hiyohiyo alichukua gurudumu lake dogo akaenda nalo barabarani. Nilikimbia kando yake. Miguu yake ilikwenda kasi kama mguu wa fundi cherehani, jasho likamtiririka, na mimi mwenye ndala niliyekuwa nakimbia nikampita. Nikatembea, bado nikampita. Kila kishimo kidogo kilimtikisa kama kinataka kumtupa. Alishuka akiwa anahema.

"Unaona?" alisema. "Mzunguko mmoja wa mguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Likiwa dogo, hata ufe, hufiki."

Kesho yake alipanda lori la mahindi kwenda Nyakanazi, kwa fundi wa kuchomelea, na aliporudi alikuwa na jitu. Fundi alikuwa amechukua gurudumu la baiskeli ya mizigo, ishirini na nane, akachomelea ekseli ishikane na habu, kile kitovu cha gurudumu, akapachika pedali pande zote mbili, akakata foku, ule uma wa gurudumu la mbele, kutoka baiskeli iliyokufa na kuigeuza iwe shingo ya kushikilia kiti. Lilikuwa refu kupita kifua changu. Ili kulipanda alishika mti, akajivuta, akabaki juu huko kama ndege kwenye nguzo. Kisha akaachia.

Sijawahi kuona mtu anakwenda vile. Mguu mmoja ukishuka alikuwa ameshafika mbali. Alipita kigangoni penye kanisa letu dogo, kitenge alichojifunga kiunoni kinapepea, watu wakatoka kwenye mihogo na majembe yao, na mimi nikapiga kelele kwa raha. Mama alikuwa amesimama karibu nami. Hakupiga kelele. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, na macho yake yanamfuata mdogo wake kama yamefungwa kamba.

Lakini baada ya kigango barabara inashuka kwenda mtoni. Gurudumu kubwa halina breki zaidi ya miguu yako, na likishapata kasi ndilo linaloiendesha miguu. Tuliona anajaribu kulizuia, tukaona jiwe, kisha hatukumwona tena. Tulimkuta ndani ya shamba la watu, mihogo imevunjika, goti limechanika, gurudumu liko mbali linazunguka peke yake.

Jioni ile alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa, na iliniogopesha kuliko damu. Mama alimkanda mguu kwa maji ya moto yenye chumvi.

"Kubwa ni la lami," alisema Mama mdogo, kama anayejieleza mbele ya baraza. "Nchi tambarare, barabara laini, unakwenda nalo kutwa nzima huchoki. Hapa kwetu ni mawe na vilima. Halafu maandamano yanakwenda mwendo wa ngoma, dada. Lile haliwezi mwendo wa ngoma, linataka kukimbia tu."

"Na lile dogo?"

"Dogo litanimaliza nguvu kabla sijafika nusu. Na kila shimo linaliona kama kaburi."

"Basi la katikati," mama akasema.

"La katikati. Ishirini na nne, au ishirini na sita. Lenye tairi nene la meno, limeze mawe. Linapanda kilima, linakwenda polepole ukitaka, na halikuachi njiani. Lakini rimu nzima nitaipata wapi kabla ya Jumamosi?"

Mama aliendelea kuukanda ule mguu kwa nguvu mpaka mwenye mguu akalalamika.

Usiku ulipoingia, kabla hatujala, nilimsikia baba nyuma ya jiko. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakupaza hata siku hiyo, lakini sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukizoea.

"Hii baiskeli," alisema, "unataka ikufikishe wapi?"

Mama akaja kupakua chakula.

Asubuhi nilikwenda kuchukua kitambaa nifute matope, nikaikuta baiskeli ya bluu imeegemea ukuta wa jiko bila gurudumu la nyuma. Ile sehemu ya nyuma ilikuwa imewekwa juu ya kipande cha gogo, foku zake mbili zimebaki wazi, cheni inaning'inia. Mama mdogo hakuwepo, walisema ameondoka alfajiri na lori. Mama alikuwa anatwanga, na mara hii alitwanga mpaka mwisho.

"Mama, gurudumu liko wapi?"

"Limeondoka."

Nikajumlisha mambo kwa akili yangu ya darasa la nne. Baba amekasirika mama anashughulika sana na baiskeli. Baba amemuuliza inamfikisha wapi. Asubuhi baiskeli haina gurudumu. Kwa hiyo baba amelificha. Nililitafuta kwenye zizi la mbuzi, nikalitafuta darini, nikalitafuta chini ya kitanda chao. Na baba aliponiita nimletee maji ya kunawa, nilimletea, nikayaweka mbali naye kidogo ili ainuke, nikaondoka bila kumtazama. Nilimnunia siku ile na siku zilizofuata. Yeye aliniangalia tu, kama mtu anayetaka kusema jambo na hajui alianzie wapi.

Jumamosi mama akasema tunakwenda Nyakanazi kumwona Mama mdogo. Alivaa gauni lake la kanisani, akanivalisha mimi viatu vya shule. Baba alitusindikiza mpaka njiani tukisubiri gari, akanipa karanga za kuchemsha kwenye mfuko. Nilizipokea bila kusema asante. Gari lilipokuwa linakaribia, akamwambia mama:

"Utarudi?"

Hakusema mtarudi. Alisema utarudi, kama vile mimi sipo pale na viatu vyangu vya shule. Hilo nalo nikaliongeza kwenye makosa yake.

"Jioni," mama akajibu.

Nyakanazi ilikuwa inachemka. Malori ya kwenda Burundi na Rwanda yamejipanga kando, madereva wanakula chipsi na mishkaki wamesimama, moshi wa dizeli umechanganyika na moshi wa nyama, mabasi yanaita abiria wa Kahama, wa Mwanza, wa Bukoba, kila moja na kelele zake. Mama alinishika mkono na kutembea kwa haraka, huku akisoma maandishi kwenye vioo vya mabasi. Nilidhani anasoma kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwepo ya kusoma.

Kile kikundi kilikuwa kwenye kituo cha mafuta na gari lao lililopakwa rangi za pundamilia. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mnene, mwenye hijabu ya kijani na filimbi shingoni, akiitwa Bi Zuhura. Kulikuwa na waombaji wengine, vijana wenye miguu mirefu, lakini mmoja alikuja na gurudumu dogo, akachoka katikati ya njia, na mwingine na kubwa lililomshinda kwenye umati. Kisha nikamwona Mama mdogo Leokadia anatoka nyuma ya gari, amejifunga bandeji gotini, ameshika gurudumu la ukubwa wa wastani, fundi amelitia pedali na tairi nene la meno. Na kwenye spoku zake kulikuwa na mirija ya soda, nyekundu, njano, nyeupe.

"Mama! Lile ni lako! Baba amemuuzia!"

"Baba yako hajauza kitu. Nimempa mimi. Nyamaza uangalie."

Alipanda bila kushika chochote. Ngoma zikaanza, naye akaanza kwenda, si haraka na si polepole, kiuno kinaitika ngoma, mikono imefunguka. Tairi nene lilipita juu ya mawe na maganda ya miwa kama halikuyaona. Watu wakaanza kumfuata. Karibu na njia panda lori likageuka ghafla mbele yake na kupiga honi ndefu. Umati ukapiga yowe. Yeye akasimama palepale juu ya gurudumu, akayumba mbele, nyuma, mbele, nyuma, macho yake kwa dereva, mpaka lori zima na trela lake likapita. Mama alikuwa amenibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha Mama mdogo akageuka, akarudi na mji mzima nyuma yake, na aliposhuka mbele ya Bi Zuhura, goti lilikuwa limelowa damu tena na alikuwa anacheka.

Bi Zuhura akapuliza filimbi. "Huyu," akasema, na hao wengine hakuwatazama tena.

Waliondoka saa ileile, maana walitakiwa Ngara jioni. Mama mdogo akamkumbatia dada yake, wakabaki hivyo muda mrefu, wakizungumza Kihangaza cha haraka ambacho sikukifuata chote.

"Dada, gurudumu lako nitalirudisha."

"Ukilirudisha nitakupiga nalo."

Bi Zuhura alikuwa ameshapanda mbele ya gari. Akamtazama mama kutoka juu, akamtazama miguu, akamtazama uso.

"Na wewe je?" akamwuliza. "Tuna upungufu wa mtu wa jikoni. Nafasi ipo hapo nyuma. Naona hata wewe huna utulivu."

Gari linanguruma, watu wanasukumana, mvulana wa kuuza maji anapita katikati yetu. Kisha mama akaniinua mkono ule aliokuwa ameubana, akauinua juu kama anayeonyesha tiketi.

"Nina mtoto," akasema.

Nilijisikia fahari. Nilidhani ananitambulisha. Nikamwamkia Bi Zuhura kwa adabu, naye akaitikia, akapuliza filimbi, gari likaondoka.

Tulirudi jioni kama mama alivyosema. Gari lilitushusha mbali, tukatembea, na mama alitembea kwa kasi ambayo ilinilazimisha kukimbia. Baba tulimkuta njiani, mbali na nyumbani, mahali ambapo hakuwa na shughuli yoyote. Alikuwa amekaa kwenye jiwe. Akasimama, akapokea kapu la mama, akanipokea na mimi begani ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa, tukaenda hivyo mpaka uani.

Msimu ule mama alibeba mihogo kichwani kwenda sokoni. Alirudi shingo imekakamaa, na baba akamkanda kwa mafuta ya mawese. Mara nyingi baba alisema atanunua gurudumu jingine, na mama akamjibu hakuna haraka. Ile baiskeli ya bluu ilibaki kwenye gogo mpaka kuku wakaanza kulala juu ya kiti chake. Ilipopatikana nyingine, mimi nilikuwa nimeshaanza sekondari.

Mama mdogo alizunguka na kikundi kile miaka mingi. Mara moja walikuja Ngara nikiwa nasoma bweni huko, nikatoroka kwenda kumwona. Mlima ule wa kupandia mjini ulimshinda, akaupanda kwa miguu akiwa ameshika gurudumu begani, watu wakamshangilia hivyohivyo. Siku hizi yuko Shinyanga, anauza vitenge na kufundisha watoto sarakasi shuleni. Alikuja kwenye msiba wa baba. Alilia kuliko sisi.

Baada ya siku ile ya stendi nilishindwa kukaa dukani. Mwisho wa wiki nilikwenda Bisibo. Mama alikuwa kwenye kivuli cha jiko anapukuchua maharage, nikakaa naye nikashika maganda. Kwa muda tuliongea habari za mvua na za mbuzi. Kisha nikamwuliza kama kweli alimpa Mama mdogo gurudumu lake kwa ajili ya yale maandamano tu.

Mama akacheka. "Reo angepata popote. Fundi alikuwa na rimu ya ishirini na nne ukutani kwake. Aliniambia mwenyewe baadaye."

"Sasa kwa nini?"

Akachambua maharage kwa muda, mabovu upande huu, mazuri upande ule.

"Nilikuwa nataka kwenda mimi," akasema. "Kabla hata hajaja. Sijui wapi. Kahama, mbele ya Kahama. Nilikuwa najua saa za magari yote. Kila asubuhi najaza upepo, nasema leo. Ulipougua surua nikaacha, ulipopona ikaanza upya. Halafu Reo akaja na lile dude lake, anazunguka mbele ya macho yangu kutwa. Ile siku aliposhuka kigangoni kwenda mtoni, mimi nilikuwa ninakwenda naye. Nikaona kesho haitapita kabla sijaondoka."

"Ukamtolea gurudumu."

"Nikalitoa nisilipande. Reo alikuwa tu mtu wa kumpa."

Mikono yangu ilikuwa imesimama juu ya maganda. Nilimwona baba amekaa kwenye lile jiwe barabarani, na ndoo ya maji niliyoiweka mbali naye.

"Lakini ukaenda Nyakanazi," nikasema. "Penye mabasi yote yale."

"Ndiyo maana nilikuchukua."

"Na baba? Alijua?"

Mama akainua uso kutoka kwenye ungo, akanishangaa kama nimeuliza kitu ambacho hata mtoto angekijua.

"Nati za nyuma zilikuwa zimeshika kutu," akasema. "Peke yangu ningezifunguaje? Yeye ndiye aliyeshika fremu."